Kwa nini tairi la nyuma la baiskeli hupata pancha mara nyingi kuliko la mbele?

#1 Njiandefu
Wakuu, salaam. Kwa miaka mingi nimekuwa nikienda kazini kwa baiskeli, na mwisho wa wiki huitumia tena kwa safari ndefu za kujifurahisha, kwa hiyo matairi yangu hukutana na kila aina ya njia: lami nzuri, lami iliyochimbika, changarawe na vijia vya udongo. Katika muda wote huo jambo moja halijabadilika, nalo ni kwamba pancha ninazozipata ni za nyuma kwa sehemu kubwa, na za mbele ni za nadra. Wenzangu ninaopanda nao husema vivyo hivyo.

Kinachonishangaza ni kwamba gurudumu la mbele ndilo linalotangulia. Kila msumari, kila kipande cha chupa na kila mwiba hukutana kwanza na tairi la mbele, na la nyuma hupita palepale baadaye kidogo. Kama jambo hili lingekuwa la bahati tu, la mbele lingeumia sawa na la nyuma au hata zaidi. Naomba wenye uzoefu waeleze sababu, na pia waeleze wao hufanya nini kujikinga, kwa kuwa kuhangaika na gurudumu lenye mnyororo na gia asubuhi, ukiwa umevaa nguo za kazini, ni adha ambayo ningependa kuipunguza.

#2 MzigoNyuma
Ndugu Njiandefu, jibu ni uzito. Katika baiskeli ya kukaa wima, ile ambayo wengi wetu huendea kazini, takribani asilimia 60 ya uzito wa mwendeshaji na chombo chake hukalia gurudumu la nyuma, na ukifunga begi juu ya keria kiwango hicho hupanda. Mimi hubeba kompyuta, kufuli zito na nguo za kubadilisha, vyote nyuma. Tairi lenye mzigo mkubwa hukikandamiza zaidi chochote kilicho chini yake, na kipande cha kioo ambacho tairi la mbele lingekisukuma kando, la nyuma hukizamisha ndani ya mpira. Tangu nilipohamishia kufuli na sehemu ya mizigo kwenye kikapu cha mbele nimeona pancha zikipungua, ingawa usukani umekuwa mzito kwenye kona na inabidi kuuzoea.

#3 FundiGololi
Ninaiheshimu hoja ya namba 2, lakini sisi tunaoshinda karakanani tuna maelezo mengine, na ni ya siku nyingi. Msumari ulioanguka barabarani hulala ubavu. Tairi la mbele likiukanyaga upande mmoja huubinua au huurusha, na kwa muda mfupi sana msumari huwa umesimama au umeinama kwa pembe kali. Katika muda huohuo tairi la nyuma hufika na kuupokea ncha ikiwa juu. Nimeng'oa misumari mirefu kwenye matairi ya nyuma ambayo iliingia wima kabisa, katikati ya kashata (ile sehemu ya tairi yenye mikato inayokanyaga barabara), na sioni jinsi msumari wa urefu wa kidole ungeweza kusimama wenyewe barabarani bila kusimamishwa na kitu.

#4 HesabuKwanza
Hoja zote mbili zinapimika, basi tuzipime.

Kuhusu uzito: tuseme mwendeshaji na baiskeli yake wana jumla ya kilo 90, nyuma 54 na mbele 36, na matairi yote mawili yamejazwa upepo wa bari 4. Bari 4 ni takribani kilo 4 kwa kila sentimita ya mraba. Tairi la nyuma basi hugusa barabara kwa eneo la sentimita za mraba 13.5 hivi, na la mbele kwa 9. Hili ni kadirio, kwa sababu ugumu wa tairi lenyewe nao hubeba sehemu ya mzigo. Hata hivyo linaonyesha kwamba ukijaza upepo sawa mbele na nyuma, tairi la nyuma linafagia eneo pana zaidi la barabara kila linapozunguka, na hilo peke yake linaongeza nafasi ya kukutana na kitu chenye ncha.

Kuhusu msumari unaobinuka: umbali kati ya magurudumu mawili ni mita moja na kidogo. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa unasafiri mita 5.6 kwa sekunde, kwa hiyo tairi la nyuma hufika baada ya sekunde 0.2 hivi. Kitu kilichorushwa juu na kurudi chini ndani ya muda huo hakiwezi kupanda zaidi ya sentimita 5. Kwa hiyo hadithi ya mafundi haipingani na maumbile, lakini inadai kwamba msumari urushwe kidogo tu, wima, na usiende kando. Mara ngapi hutokea hivyo, hesabu haiwezi kusema.

#5 DadaPedali
Ninataka kuongeza ushahidi wa mbigili, kwa sababu ninapita mara kwa mara kwenye vijia vilivyojaa mmea huo. Tunda lake likikauka hupasuka vipande vigumu, na kila kipande kina miiba iliyoelekea pande tofauti, kiasi kwamba kikianguka kwa namna yoyote ile, mwiba mmoja hubaki umetazama juu. Mbigili haihitaji kubinuliwa na mtu. Sasa angalieni: kwenye vijia hivyo pancha zangu za mbele na za nyuma ni karibu sawa, na si ajabu magurudumu yote mawili kuishiwa upepo kwa pamoja. Ninaporudi barabara kuu yenye misumari na vipande vya waya, tairi la nyuma ndilo linaloteseka. Kwangu mimi hilo linampa nguvu FundiGololi.

#6 MzigoNyuma
Dada Pedali, mfano wako ni mzuri, lakini unaweza kusomeka kwa upande wangu pia. Mwiba wa mbigili ni mkali mno hivi kwamba hata mzigo mdogo wa mbele unatosha kuuzamisha. Kipande cha kioo au changarawe kali si hivyo. Kinahitaji kusukumwa, na anayesukuma zaidi ni tairi la nyuma. Kwa hiyo tofauti uliyoiona kati ya kijia na barabara kuu inaweza kuwa ni tofauti ya ukali wa vitu, bila kuhusiana na kubinuka.

#7 FundiGololi
MzigoNyuma, jina lako lilikwisha kuchagua upande kabla mjadala haujaanza, lakini hoja yako ina uzito na ninaikubali kwa upande wa vioo. Kwa upande wa misumari mirefu bado sijajibiwa.

#8 TairiJipya
Habari zenu. Naona mnajadili uzito na misumari na kuacha jambo lililo mbele ya macho: tairi la nyuma huisha haraka zaidi. Ndilo linalosukuma baiskeli, ndilo linalobeba mzigo, na ndilo linaloburuzwa kila mtu anapokamata breki ya nyuma kwa ghafla hadi gurudumu likagoma kuzunguka. Katika baiskeli nyingi la nyuma huwa kipara wakati la mbele bado lina kashata nzuri. Mpira ukishapungua unene, kipande cha kioo ambacho kingebaki kwenye ngozi ya nje sasa kinafika kwenye tyubu.

Tena kioo hakiingii mara moja. Tairi la 37-622, yaani la upana wa milimita 37 kwenye rimu ya milimita 622, lina mzingo wa mita 2.19 hivi, kwa hiyo katika kilomita moja huzunguka takribani mara 457, na kila mzunguko hukigongelea kipande hicho ndani zaidi. Ndiyo maana mara nyingi unaingiza baiskeli ndani jioni ikiwa nzima, na asubuhi unaikuta imekaa chini. Ushauri wangu ni kwamba kila mwisho wa wiki uzungushe magurudumu polepole kwenye mwanga mzuri, uchokonoe kila kijitundu kwa ncha butu, na utoe vipande kabla havijafika mbali. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na katika yote ninayofanya kwa baiskeli yangu hakuna inayonilipa kama hiyo.

#9 BintiUpepo
Nina maelezo ya nne ambayo sijaona mtu akiyataja. Sisi huendesha kwa macho, na macho yanaongoza gurudumu la mbele tu. Nikiona kioo mbele yangu ninageuza usukani kidogo na tairi la mbele linakikwepa, lakini gurudumu la nyuma halifuati mstari uleule. Kwenye kona hupita upande wa ndani, karibu zaidi na kile nilichokuwa nikikikwepa. Mkitaka kuliona hili, piteni kwenye dimbwi dogo mkiwa mnakata kona, halafu rudini mtazame alama mbili za maji jinsi zinavyoachana.

Tangu nilipolifahamu hilo ninakwepa mapema na kwa upana, badala ya kuchepuka ghafla nikiwa nimekwisha kufika. Ni salama zaidi pia kwa wanaonifuata nyuma, kwa sababu kuchepuka ghafla kwenye barabara yenye magari ni hatari kubwa kuliko pancha yoyote.

#10 HesabuKwanza
Namba 9 amesema jambo la maana. Naongeza kwamba linagongana moja kwa moja na namba 3: hoja ya msumari inahitaji magurudumu yapite mstari mmoja, na hoja ya kukwepa inahitaji yapite mistari miwili. Zinaweza kuwa za kweli zote, lakini kila moja kwa wakati wake.

#11 Njiandefu
Asanteni sana. Je, kuna namna ya kujua, baada ya pancha kutokea, ni sababu ipi kati ya hizi iliyohusika? Au tukishatoa tyubu ushahidi unakuwa umepotea?

#12 FundiGololi
Ushahidi haupotei ukiutunza, na hapa naomba mniruhusu niandike kwa kirefu, kwa sababu watu wengi huziba tundu bila kulisoma, kisha wanashangaa kupata pancha nyingine kabla hawajafika nyumbani.

Kwanza, unapofunga tairi jipya, panga maandishi ya pembeni yakae sawasawa na valvu. Siku ya pancha, kabla hujatoa tyubu nzima, kumbuka ilikuwa imekaa kwa upande gani. Ukilipata tundu kwenye tyubu, unailaza tyubu juu ya tairi, valvu kwa valvu, na hapohapo unajua sehemu ya tairi ambayo kitu bado kimejificha. Usipokuwa na alama hiyo unabaki kupapasa tairi zima.

Pili, tazama tundu liko upande gani wa tyubu. Likiwa upande wa nje, unaogusa tairi, kuna kitu kimepenya kutoka barabarani. Likiwa upande wa ndani, unaotazama rimu, barabara haina hatia: utepe wa rimu umesogea na kichwa cha spoku au ukingo wa tundu la spoku umeitoboa tyubu. Hata ukibadilisha matairi, pancha hiyo itarudi hadi utepe urekebishwe. Yakiwa ni matundu mawili madogo yaliyolingana, moja kila upande, tyubu ilibanwa kati ya rimu na ukingo wa shimo au jiwe, na hiyo ni dalili ya upepo mdogo. Mpasuko kwenye shina la valvu hutokana na tyubu kuvutwa, ama kwa kupampu huku valvu imeinamishwa, ama kwa tairi kuteleza juu ya rimu kwa kukosa upepo.

Tatu, ukishajua mahali, pitisha kitambaa ndani ya tairi, usipitishe kidole kitupu. Nyuzi za kitambaa hunasa kwenye kijiwaya ambacho jicho halikioni. Vijiwaya hivyo, vyembamba kama unywele, hutoka kwenye matairi ya magari yaliyopasuka, na ndivyo vinavyosababisha zile pancha zinazorudi kila baada ya siku mbili bila sababu kuonekana.

Ukiyasoma matundu hivyo kwa muda utaanza kuona mtindo wa njia zako mwenyewe. Ila tundu la msumari halitakuambia kama msumari ulibinuliwa au ulisimama wenyewe, hapo ninaishia.

#13 DadaPedali
Namba 12 imenisaidia sana. Pancha za kubanwa, zile za matundu mawili, kwangu ni za nyuma karibu zote, na sababu yake naifahamu. Nikiliona shimo ninainua usukani, gurudumu la mbele linapanda kwa wepesi, lakini la nyuma linabaki na mwili wangu wote juu yake. Siku hizi ninasimama juu ya pedali zikiwa sambamba, magoti yamelegea, na kuiacha baiskeli ipite chini yangu. Rimu nayo inashukuru.

#14 Kimulimuli
Naomba kuuliza kuhusu viraka. Mimi ninatumia solusheni, lakini viraka vyangu hubanduka baada ya wiki chache, hasa cha gurudumu la nyuma. Je, ni joto la breki, au ni uzito uleule mnaouzungumzia?

#15 FundiGololi
Ndugu Kimulimuli, mara nyingi ni haraka ya fundi. Piga msasa eneo pana kuliko kiraka, mpaka mng'ao wa tyubu uondoke na ule mstari mwembamba ulioinuka usawazishwe, kwa sababu upepo hupenda kupenya kando ya mstari huo. Paka solusheni tabaka jembamba, kisha usubiri. Hapa ndipo wengi hukosea: solusheni haikusudiwi kuunganisha ikiwa mbichi. Iache mpaka ipoteze mng'ao na ukiigusa pembeni isinate kama ute. Ndipo ubandike kiraka na kukikandamiza kwa nguvu kutoka katikati kwenda nje. Usiipulize ili ikauke upesi, maana pumzi ina unyevu.

Unaporudisha, tia tyubu upepo kidogo ili iwe na umbo, anza kuvalisha tairi upande wa mbali na valvu na umalizie kwenye valvu, kisha sukuma valvu ndani ili tyubu isibanwe chini ya ukingo wa tairi. Tumia mikono kila inapowezekana, kwa kuwa kijiti cha kutolea tairi ni chanzo cha matundu mapya.

#16 MzigoNyuma
Naongeza mbinu moja kwa wenye gia za ndani ya habu (kitovu cha gurudumu) au breki ya kukanyaga nyuma, ambao kutoa gurudumu kwao ni kazi ya spana na nyaya. Si lazima ulitoe. Laza baiskeli, toa upande mmoja tu wa tairi, vuta sehemu ya tyubu yenye tundu, iziba palepale na uirudishe. Kwa wenye gia za nje, hamishia mnyororo kwenye gia ndogo kabisa ya nyuma kabla ya kulegeza gurudumu. Litatoka na kurudi bila mvutano.

#17 Mzeewalami
Vijana, mnalalamika sana. Kabla John Boyd Dunlop hajabuni tairi la upepo huko Belfast, watu walipanda juu ya mpira mgumu na chuma, na pancha haikuwepo kabisa. Tumeuchagua mtetemo mdogo, na pancha ndiyo gharama yake.

#18 HesabuKwanza
Mzee wangu, shikamoo. Naomba nisahihishe kwa heshima. Dunlop alipata hataza (haki ya uvumbuzi) ya la kwake mwaka 1888 na ndiye aliyelifanya lifike kwa watu, lakini Robert William Thomson, naye mzaliwa wa Uskoti, alikuwa amekwisha kupata hataza ya tairi la upepo mwaka 1845, na kwa sababu hiyo hataza ya Dunlop ilibatilishwa baadaye. Kwa mada yetu hatua kubwa zaidi huenda ni ya ndugu wawili wa Michelin. Tairi la Dunlop lilikuwa limegandishwa kwenye rimu, na kulitengeneza njiani kulikuwa ni shughuli ya saa nyingi. Akina Michelin walileta tairi linaloweza kuvuliwa, na Charles Terront alilitumia kushinda mashindano ya Paris–Brest–Paris mwaka 1891.

#19 Mzeewalami
Marahaba, na asante kwa sahihisho. Bado nasema upepo ni neema. Shida ni kwamba watu hawaujazi.

#20 BintiUpepo
Nakubaliana na Mzee. Tyubu ya kawaida hupoteza upepo wenyewe bila tundu lolote, na baiskeli iliyoachwa wiki kadhaa hailingani tena na jinsi ulivyoiacha. Mimi hujaza mpaka kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, mbele na nyuma.

#21 TairiJipya
Namba 20, hapo naomba tutofautiane. Namba kubwa iliyoandikwa ubavuni ni kikomo cha juu. Haikusudiwi kuwa kiwango cha kila siku, na matairi mengi huandikwa pia kiwango cha chini. Kinachofaa hutegemea uzito wako na upana wa tairi. Kwa kuwa la mbele hubeba mzigo mdogo, nalo linafaa lipewe upepo pungufu kidogo kuliko la nyuma. Mimi nina kilo 75, natumia matairi ya milimita 37, na hujaza bari 4 nyuma na 3.3 hivi mbele, yaani takribani psi 58 na 48. Viganja vyangu, ambavyo vilikuwa vikifa ganzi kwenye safari ndefu, vimetulia tangu nilipoacha kujaza mbele kupita kiasi.

Na hilo linarudi kwenye swali la Njiandefu. Ukijaza sawa pande zote, la nyuma ndilo linalobonyea zaidi, ndilo linalobanwa kwenye mashimo.

#22 Kimulimuli
Mimi nina baiskeli ya 28 na rafiki yangu ana ya 28, lakini tairi lake halikuingia kwenye rimu yangu tulipokuwa njiani. Ni tatizo la kiwanda?

#23 HesabuKwanza
Hapana. Inchi 28 ni jina la jumla la ukubwa wa nje, na linabeba zaidi ya rimu moja. Tairi la 28 × 1½ la baiskeli za zamani hukaa kwenye rimu ya milimita 635, na zile nyingine zinazoitwa 28 au 700C hukaa kwenye rimu ya milimita 622. Tofauti ya milimita 13 haiwezi kulazimishwa. Inchi 26 nazo ziko hivyohivyo: kuna 559 na kuna 590. Unaponunua tyubu au tairi, soma namba mbili zilizounganishwa kwa kistari, kwa mfano 40-635. Ya kwanza ni upana na ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye rimu. Namba hizo hazidanganyi.

#24 DadaPedali
Turudi kwenye kinga. Tairi jipya lifungwe wapi: nyuma kunakotoboka, au mbele?

#25 TairiJipya
Mbele. La nyuma likiisha, hamishia la mbele nyuma na jipya ulifunge mbele. Gurudumu la nyuma likiishiwa upepo ghafla, baiskeli huyumba na unaweza kusimama. La mbele likiishiwa kwenye mteremko au kwenye kona, usukani haukutii tena, na unaanguka kabla hujajua kilichotokea.

#26 MzigoNyuma
Kuhusu tairi jipya nakubali. Lakini kuhusu tairi gumu, lile lenye tabaka nene la mpira au nyuzi za aramidi (nyuzi ngumu zisizokatika kwa urahisi) chini ya kashata, mimi nalifunga nyuma, na mbele natumia jepesi linaloshika barabara vizuri. Kwa utaratibu huo, kuhamisha la mbele kwenda nyuma hakuwezekani, na niko tayari kuishi na hilo. Tairi gumu ni zito na hukokota, lakini kwenda kazini si mashindano.

#27 BintiUpepo
Nami nasema tazameni hali ya hewa kabla ya kubadilisha matairi. Siku za mvua pancha ni nyingi zaidi. Anayekata mpira kwa kisu hukilowesha kwanza, kwa sababu maji hulainisha njia ya makali. Kioo kilicholowa hufanya kazi hiyohiyo kwenye tairi. Tena taka ndogondogo hunata kwenye tairi lililolowa na kuzunguka nalo.

#28 Njiandefu
Nimejifunza mengi. Kuna jambo ambalo nimeanza kulifikiria kutokana na namba 16. Pancha ya nyuma inasumbua kuliko ya mbele, kwa hiyo huenda tunaikumbuka zaidi. Ni nani kati yetu aliyeandika kila pancha yake kwa tarehe?

#29 FundiGololi
Mkuu, kwa mtu mmoja kumbukumbu inaweza kuhadaa. Karakanani hatukumbuki, magurudumu yanaletwa yakiwa yamening'inia mikononi, na ya nyuma ndiyo mengi.

#30 HesabuKwanza
Fundi, huenda ya nyuma huletwa kwako kwa sababu wenyewe wameshindwa kuyatoa na kuyaziba, na ya mbele huzibwa nyumbani.

#31 Trelambili
Nimewafuatilia kimya tangu mwanzo. Ninavuta trela ya magurudumu mawili yenye watoto. Magurudumu yake hayafuati mstari wa baiskeli, kwa hiyo hakuna tairi linalotangulia kubinua kitu, lakini hupata pancha vizuri tu. Namba 3 analielezaje hilo?

#32 FundiGololi
Ndugu Trelambili, gurudumu moja la trela yako linapita karibu kabisa na ukingo wa barabara, mahali ambapo magari hufagilia vioo, misumari na changarawe zote. Niambie linalotoboka zaidi ni la upande upi.

#33 Trelambili
La upande wa ukingo. Ila la upande wa ndani nalo halijasalimika.

#34 Peke_Yake
Trela yangu ni ya gurudumu moja na inafuata baiskeli mstari uleule. Kwa hoja ya msumari, lingepaswa kuwa tairi lenye shida kuliko yote, kwa kuwa limetanguliwa na mengine mawili. Hutoboka kwa nadra kuliko la nyuma la baiskeli. Kwa kawaida napakia kilo kumi na tano hivi tu.

#35 MzigoNyuma
Kilo kumi na tano! Wakuu, mnaliona hilo?

#36 FundiGololi
Ninaliona. Lakini kabla hatujaenda mbali, Peke_Yake atuambie tairi hilo lina upana gani na analijaza upepo kiasi gani, na kama madigadi ya nyuma ya baiskeli yake ina kile kipande cha mpira kinachoning'inia karibu na barabara, kwa sababu kipande hicho hukamata na kulaza vitu vingi kabla havijafika kwenye trela.

#37 Peke_Yake
Kipande hicho kipo, kinafika sentimita chache juu ya barabara. Upana ni milimita 47. Upepo nitaupima leo jioni kwa geji na kuandika hapa, na wiki ijayo nitakiondoa kipande cha mpira nione kama kutakuwa na tofauti.